Ujumbe wa ridhaa ya faragha kwa Kiswahili, Kiingereza na Kijerumani: nimekosea wapi?

Fundi_Mafiati (Mbeya) ameuliza:

Ndugu zangu, nawasalimu kutoka Mbeya.

Nina ofisi ndogo ya kutengeneza tovuti maeneo ya Mafiati, na kwa sasa ninashughulikia tovuti ya AMCOS moja (chama cha ushirika cha mazao) ya wakulima wa kahawa wilayani Mbozi. Tovuti hiyo inasomwa na watu wa aina tatu wasiofanana hata kidogo: wanachama wenyewe, ambao huingia kwa simu kuangalia bei na siku za kupokea kahawa ghalani, wanunuzi wa ndani na wa nchi jirani wanaotumia Kiingereza, na wanunuzi wadogo wa Ujerumani, ambao huomba sampuli na wakati mwingine huomba kuja kuyaona mashamba. Kwa sababu hiyo kila ukurasa upo kwa Kiswahili, Kiingereza na Kijerumani, na kila lugha ina njia yake: /sw/, /en/ na /de/.

Kurasa zenyewe hazikunisumbua. Kilichonishinda ni ujumbe wa ridhaa, yaani lile bango linalomweleza msomaji ni taarifa gani zinakusanywa na kumwomba akubali au akatae. Programu-jalizi, yaani programu ndogo ya nyongeza, niliyoiweka kwenye WordPress, mfumo ninaotumia kutengeneza tovuti, ilikuja na maneno ya Kiingereza peke yake. Niliyatoa maneno hayo kwenye jedwali, nikayapitisha kwenye mashine ya tafsiri, kisha nikayabandika kwenye safu ya Kiswahili na ya Kijerumani bila kuyasoma tena. Kosa hilo ni langu na ninalikiri.

Wiki iliyopita nilikwenda Vwawa kuwaonyesha viongozi na wanachama kazi ilipofikia. Mzee mmoja, mwanachama wa siku nyingi, alichukua simu yake, akaisogeza mbali na macho, akasoma kwa sauti: "Tunathamini faragha yako. Sisi na wachuuzi wetu tunatumia vidakuzi kwa maslahi halali. Kubali zote." Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza: "Wachuuzi wenu ni akina nani, na hizo zote ni zipi? Nikikubali hapa, nimekubali kukatwa?" Sikuwa na jibu. Wanachama wengi neno "kubali" kwenye simu wanalijua kutoka kwenye mikopo, na neno "makato" wanalijua kutoka kwenye malipo ya kahawa yao. Mzee aliiweka simu mezani bila kubonyeza chochote, na bei za kahawa hakuziona, kwa sababu bango lilikuwa limefunika ukurasa mzima.

Pamoja na hilo kuna matatizo matatu ya kiufundi ambayo sijapata dawa yake. La kwanza, mtu akifungua ukurasa wa Kiswahili mara nyingi bango linamjia kwa Kiingereza. La pili, aliyekwisha kujibu kwenye /sw/ akihamia /de/ anaulizwa upya kama mgeni. La tatu ndilo lililonikosesha usingizi: nilipoongeza sentensi inayosema kwamba baadhi ya taarifa zinahifadhiwa ng'ambo, bango la Kiswahili lilitoweka kabisa, wakati la Kiingereza na la Kijerumani yanaendelea kuonekana.

Naomba msaada wa mpangilio na wa lugha pia, kwa sababu sasa nimeona kwamba vyote viwili vinakwenda pamoja. Je, ni sahihi kuendelea na tafsiri ya jedwali, au kuna njia nyingine?

---

Mlinzi_wa_Seva (Makambako) amejibu:

Ndugu Fundi, pole kwa kazi. Nitajibu upande wa mitambo, na upande wa maneno nitawaachia wanaoujua.

Nianze na bango lililotoweka, kwa sababu sababu yake iko ndani ya neno lenyewe. Angalia "ng'ambo". Katika faili la JavaScript la programu-jalizi yako, bila shaka kila sentensi imefungiwa ndani ya alama moja ya nukuu. Kivinjari kinapofika kwenye kile kialama cha ng' kinadhani sentensi imekwisha, kinakutana na "ambo" ambalo hakilielewi, na skripti nzima inakufa hapo hapo. Kiingereza na Kijerumani hazikuguswa kwa sababu sentensi zake hazikuwa na alama hiyo. Fungua sehemu ya wasanidi kwenye kivinjari chako na utaliona kosa limeandikwa kwa rangi nyekundu pamoja na namba ya mstari. Dawa ya haraka ni kuweka mkwaju wa nyuma (\) kabla ya alama hiyo. Dawa ya kudumu ni kuyatoa maneno yote ndani ya msimbo na kuyaweka kwenye faili la JSON (faili la maandishi ya kuhifadhi data) la kila lugha, ambako sentensi hufungwa kwa alama mbili za nukuu, kisha msimbo uwe unayaita kwa ufunguo wake tu. Maneno ya namna hii tunayo mengi, kuanzia ng'ombe hadi kung'oa, kwa hiyo usifikiri limekupata mara moja likapita.

Lakini kuna jambo zito zaidi nyuma ya tukio hilo, nami nakuomba ulichunguze leo hii. Bango lilipokufa, je, skripti ya kuhesabu wasomaji ilisimama au iliendelea kufanya kazi? Ikiwa iliendelea, maana yake ni kwamba tovuti yako inakusanya kwanza na kuuliza baadaye, na bango ni pambo. Mpangilio sahihi ni kwamba kila kisicho cha lazima kiwe kimefungwa tangu mwanzo, na kifunguliwe tu baada ya jibu la ndiyo kupokelewa, ili hata bango likiharibika, kwa kosa la herufi moja kama hili, msomaji abaki salama.

Kuhusu bango la Kiingereza kwenye ukurasa wa Kiswahili: programu-jalizi nyingi huchagua lugha kwa kufuata mpangilio wa kivinjari. Simu nyingi zinazouzwa kwetu huwa zimewekwa Kiingereza tangu dukani na mwenyewe hajawahi kubadilisha, hivyo kivinjari kinatangaza Kiingereza kwa niaba ya mtu ambaye hakukichagua. Msomaji amekwisha kukuambia lugha yake kwa kuufungua ukurasa wa /sw/, mfuate yeye. Hakikisha kila ukurasa wa Kiswahili una alama ya lugha `lang="sw"` kwenye mstari wake wa juu, kisha bango lisome alama hiyo. Nimeona watu wengi wakiandika `tz`, ambayo ni alama ya nchi. Ya Kiswahili ni `sw`, na ukitaka kutofautisha na Kenya unaweza kuandika `sw-TZ` na `sw-KE`.

Kuulizwa mara mbili kunatokana na mahali jibu linapohifadhiwa. Kidakuzi, yaani faili dogo ambalo tovuti huliweka kwenye simu ya msomaji, kinachobeba jibu lake kimewekewa njia ya /sw/, kwa hiyo upande wa /de/ hakionekani. Kiwekee njia ya "/" peke yake ili kionekane tovuti nzima, na ndani yake, pamoja na jibu, andika lugha ya bango alilolisoma na namba ya toleo la maneno. Siku ukibadilisha maana ya maneno, toleo linapanda na kila mtu anaulizwa upya. Ukirekebisha herufi tu, usimsumbue mtu.

Jambo dogo kuhusu kache, yaani nakala ambazo seva hujiwekea ili kujibu haraka: kama maneno ya bango yanaletwa na anwani moja kwa lugha zote, seva itahifadhi nakala aliyopewa msomaji wa kwanza na kuwagawia wengine lugha yake. Weka alama ya lugha kwenye anwani hiyo.

---

Mtafsiri_wa_Gangilonga (Iringa) amejibu:

Kaka Fundi, nimelisoma swali lako mara mbili kwa sababu ya yule mzee. Mimi ni mtafsiri, kazi hii ndiyo inayonilisha, na ninaamini kwamba maswali yake matatu ndiyo ukaguzi bora kuliko wowote ambao mimi ningekufanyia.

Jibu langu kwa swali lako la mwisho ni hapana, usiendelee na tafsiri ya jedwali, angalau si kwa Kiswahili. Yale maneno ya Kiingereza hayakuandikwa kwa ajili ya AMCOS. Yaliandikwa na mtu asiyeijua tovuti yako, ili yatoshe tovuti yoyote duniani, ndiyo maana yamejaa maneno mapana yasiyoshikika. Ukiyatafsiri hata kwa ustadi mkubwa, utapata Kiswahili kizuri kinachoeleza mambo ambayo chama hakiyafanyi. Kaa na katibu wa chama, andikeni kwa Kiswahili mambo mnayoyafanya hasa, kisha kutoka kwenye andiko hilo ndipo Kiingereza na Kijerumani zitafsiriwe.

Nichukue mfano wa "Kubali zote", kwa sababu umebeba somo kubwa la sarufi yetu. Mashine ilipewa maneno mawili ya Kiingereza kwenye chumba chake cha jedwali, bila kuambiwa ni vitu gani vinavyokubaliwa, ikachagua "zote" kwa kubahatisha. Lakini juu yake umeandika vidakuzi, na vidakuzi ni vyote. Kama ungetumia neno "kuki", ingekuwa sahihi kusema zote. Kama unazungumzia mambo, ni yote. Kiswahili hakina "zote" inayoelea hewani. Ni lazima iwe na mwenyewe, na mzee alipouliza "hizo zote ni zipi" alikuwa anamtafuta mwenyewe huyo. Kwa hiyo yeyote anayeandaa jedwali la tafsiri anapaswa kuweka safu ya ziada inayoeleza kila neno linakaa wapi na linahusu nini. Bila safu hiyo mtafsiri wa Kiswahili, awe mtu au mashine, amefungwa macho.

Namba nazo zina mpangilio wake. Kiingereza hutanguliza namba na sisi tunaitanguliza siku: tunasema "siku 30" na "miezi 12". Kama msimbo umeandikwa ili namba iwekwe mbele na neno libandikwe nyuma, utapata "30 siku", na hakuna mtafsiri anayeweza kulirekebisha hilo kutoka kwenye jedwali. Sentensi nzima iwe kitu kimoja chenye nafasi ya namba ndani yake, ili mtafsiri aweze kuihamisha. Vilevile umoja na wingi: mshirika 1, washirika 3. Ruhusu sentensi mbili tofauti, usitegemee kubandika herufi mwanzoni au mwishoni.

Sasa vitufe. Hapa nina msimamo na ninaomba uniwie radhi nikirefusha. "Kubali" na "Kataa" ni amri. Tovuti inamwamuru msomaji. Na kati ya amri hizo mbili, ya pili inamsuta, kwa sababu katika malezi yetu kumkatalia mtu aliyekukaribisha ni jambo zito, hasa ukiwa umetangulizwa na maneno kama "Tafadhali kubali ili tukuhudumie vyema." Ridhaa iliyopatikana kwa kumwonea mtu haya haijawa ridhaa. Mimi huandika "Nakubali" na "Sikubali". Yote mawili anayasema msomaji kwa kinywa chake, yana urefu unaokaribiana hivyo vitufe vinalingana, na hakuna linalomvunjia mtu heshima. Vipe rangi moja na ukubwa mmoja. Na ile "tafadhali" iondoe kabisa. Mahali pengine popote ni adabu, hapa ni shinikizo.

Kwa majina ya makundi ya vidakuzi, eleza kazi yake badala ya kufuata jina la kigeni. "Vidakuzi vya utendaji" halimwambii mtu chochote. Andika "vya kuhesabu kurasa zinazosomwa". "Vidakuzi vya kulenga" linatisha bila sababu. Kama ni vya matangazo, sema vya matangazo, na kama hamna matangazo liondoe kundi lote. "Vya lazima" linatosha kwa vile ambavyo tovuti haiwezi kwenda bila hivyo. Wale "wachuuzi" ni kampuni zinazopokea taarifa kutoka kwenu, na njia bora ni kuzitaja kwa majina. Kama ni moja, usiseme "washirika wetu". Swichi ndogo za kila kundi ziandike "Ruhusu" na "Zuia". Nimeona mahali pengi "Washa" na "Zima", na msomaji anabaki akijiuliza ni taa gani.

Neno "taarifa" nalo lina mzigo, maana kwetu ni habari, ni ripoti, na ni tangazo pia. Ukiandika "Taarifa ya Faragha" juu ya ukurasa unaohusu taarifa binafsi, msomaji anapata taarifa juu ya taarifa. Mimi hutumia "Ilani ya Faragha" kwa lile andiko, na kuliacha neno "taarifa binafsi" kwa zile zinazokusanywa tu.

Mwisho, "Tunathamini faragha yako" ni sentensi ya kuondolewa. Kama mnaithamini, itaonekana kwenye sentensi zinazofuata.

---

Wakili_Njombe amejibu:

Nawashukuru waliotangulia. Ninaongeza upande wa sheria kwa kifupi, kwa sababu unaathiri uchaguzi wa lugha moja kwa moja.

Kwa hapa nchini tunaongozwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023 na inayosimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kwa maneno ya sheria hiyo, chama ni mkusanyaji, kampuni inayowawekea hesabu za wasomaji ni mchakataji, na yule mzee ni mhusika wa taarifa. Mkusanyaji na mchakataji wanatakiwa kusajiliwa na Tume, kwa hiyo mwulize katibu kama usajili umefanyika. Kwa kuwa sheria ina msamiati wake, nakushauri uufuate: tumia "ridhaa", usichanganye na "idhini" au "kibali", ambavyo mwananchi anavihusisha na ruhusa inayotolewa na ofisi. Kadhalika sheria ina masharti juu ya kupeleka taarifa binafsi nje ya nchi, na maneno "nje ya nchi" ni bora kuliko ng'ambo, hata kama Mlinzi wa Seva amekwisha kuitibu alama yake.

Upande wa Kijerumani ndio wengi wanaoudharau. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya ulinzi wa data, namba 2016/679, ilianza kutumika tarehe 25 Mei 2018 na inaweza kumfikia hata asiye na ofisi Ulaya, ikiwa anawauzia bidhaa au huduma watu walioko huko. Tovuti kufunguka Ulaya peke yake hakutoshi, wala kutumia lugha inayotumika kwa kawaida katika nchi ya mwenye tovuti, na Kiingereza ni lugha hiyo kwetu. Lakini maelezo ya utangulizi ya kanuni hiyo yanataja matumizi ya lugha au sarafu ya nchi mwanachama, pamoja na uwezo wa kuagiza kwa lugha hiyo, kuwa ni dalili kwamba unawalenga watu wa huko. Kurasa zenu za Kijerumani zenye fomu ya kuomba sampuli, na kama bei ziko kwa euro, ni dalili ya aina hiyo. Hivyo safu ya /de/ si ukarimu tu. Inabeba wajibu, na haipaswi kubaki na tafsiri ya mashine ambayo hakuna aliyeisoma. Mtafute mtu anayekijua Kijerumani vizuri, na bango litumie "Sie" ya heshima mwanzo hadi mwisho.

Kanuni hiyo inataka ombi la ridhaa liwe kwa lugha nyepesi na inayoeleweka, na kuondoa ridhaa kuwe rahisi kama kuitoa. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika shauri la Planet49 lililoamuliwa tarehe 1 Oktoba 2019, ilisema kisanduku kilichokwisha kuwekewa tiki si ridhaa. Na kuhusu lugha yenyewe, mwaka 2021 mamlaka ya ulinzi wa data ya Uholanzi iliitoza TikTok faini ya euro 750,000 kwa sababu watoto wa Kiholanzi walipewa maelezo ya faragha kwa Kiingereza. Mtoto wa Uholanzi anayepewa Kiingereza na mkulima wa Mbozi anayepewa Kiingereza wako katika hali moja.

---

Fundi_Mafiati ameandika:

Nawashukuru sana. Mlinzi wa Seva, umesema kweli: nimechunguza na skripti ya kuhesabu ilikuwa inafanya kazi siku zote, bango liwepo lisiwepo. Nimeifunga usiku uleule na nimemjulisha katibu wa chama kwa maandishi. Kijerumani kinapitiwa na mwalimu aliyewahi kuishi huko. Kwa Kiswahili tumeanza upya na katibu, na tuligundua jambo ambalo hatukulijua: kwenye orodha kulikuwa na kundi la vidakuzi vya matangazo, wakati chama hakina tangazo hata moja. Tulikuwa tunaomba ridhaa ya kitu kisichokuwepo.

---

Mwananchi_wa_Tukuyu amejibu:

Naomba kuuliza bila kuwatoa kwenye hoja. Wanachama wa Mbozi wengi lugha yao ya nyumbani ni Kinyiha, na kwetu Rungwe ni Kinyakyusa. Ikiwa jambo ni kueleweka, kwa nini lugha hizo zisiwemo?

---

Mtafsiri_wa_Gangilonga amejibu:

Swali lako ni la haki kabisa. Kwa mitambo hakuna kizuizi: Kinyiha kina alama yake, `nih`, Kinyakyusa ni `nyy`, na Kihehe chetu ni `heh`. Kibena na Kisangu zimo hata kwenye hazina ya Unicode ya majina ya siku na miezi, kwa alama `bez` na `sbp`. Tatizo ni kwamba wengi wetu lugha hizo tunazisema vizuri lakini kuzisoma kunatuchukua muda, kwa sababu shuleni tulisomea Kiswahili. Kwa hiyo ningeshauri sauti. Mwanachama anayeaminika asome maelezo kwa Kinyiha, arekodiwe kwa muda usiozidi dakika moja, na kitufe cha kusikiliza kiwekwe kando ya maneno ya Kiswahili. Sauti isianze yenyewe. Mtu aibonyeze akitaka. Na kila maneno ya Kiswahili yakibadilika, sauti irekodiwe upya, vinginevyo chama kitakuwa kinaahidi mambo mawili tofauti kwa mtu mmoja.

---

Mlinzi_wa_Seva amejibu:

Naunga mkono. Faili la sauti ya dakika moja likibanwa vizuri halizidi uzito wa picha ya kawaida. Lipe namba ya toleo ileile ya maandishi.

---

Fundi_Mafiati ameandika:

Ndugu zangu, nimerudi kutoka Vwawa. Ninaweka hapa maneno ya bango kama nilivyokwenda nayo huko, ili anayetaka kuyakosoa ayakosoe na anayetaka kuyatumia ayatumie:

"Tovuti hii huweka faili ndogo, ziitwazo vidakuzi, kwenye simu au kompyuta yako. Vidakuzi vya lazima hukumbuka jibu utakalotoa hapa chini. Ukikubali, tutatumia pia vidakuzi vya kuhesabu kurasa zinazosomwa, ili tujue wanachama wanahitaji nini zaidi. Hesabu hizo hutunzwa nje ya nchi, na kampuni iliyotajwa kwenye Ilani ya Faragha, kwa miezi 12. Jibu lako halihusiani na mkopo, malipo wala makato yoyote. Usipokubali, kurasa zote zitafunguka vilevile. Unaweza kubadili jibu lako wakati wowote kwa kubonyeza 'Faragha yangu' chini ya ukurasa."

Vitufe ni "Nakubali" na "Sikubali", vya rangi moja, na bango sasa linakaa chini bila kufunika bei. Sentensi ya mkopo na makato haimo kwenye Kiingereza wala Kijerumani, kwa sababu huko hakuna aliyeihitaji. Lugha zote tatu zinaeleza ukusanyaji uleule, na hilo tulilihakiki mstari kwa mstari.

Nilimtafuta yule mzee. Alisoma polepole hadi mwisho, akabonyeza "Sikubali", akakaa kidogo akiangalia kama kuna kitakachotokea, kisha akafungua ukurasa wa bei na ukafunguka. Alisoma bei zote. Baadaye akanirudia na swali moja: "Hiyo miezi 12 inahesabiwa kuanzia lini?" Tulikuwa hatujaandika. Nimeongeza maneno "tangu siku utakapojibu", nimepandisha toleo hadi la 3, na rekodi ya Kinyiha tutairudia Jumamosi.